Nyaya Nne Baina ya Injini na Behewa

Katika vitu vyote vya mchezo ambavyo umeme ulivitia nyumbani mwa watu, hapana kilichowafurahisha watoto na kuwataabisha baba zao kama gari moshi dogo lipitalo juu ya zulia; na katika hitilafu zote za gari hilo, ile iliyowashughulisha mno mafundi wa Marekani ilizaliwa na uamuzi mmoja uliotekelezwa mwaka 1946 katika kiwanda cha mji wa New Haven, jimbo la Connecticut.

Kabla ya hapo, njia iliyotawala Marekani ilikuwa ile aliyoieneza Joshua Lionel Cowen wa New York tangu 1906: reli tatu, ya kati ikileta umeme na mbili za kando zikiurudisha. Sura yake, kwa kweli, haikupendeza, maana msafiri aliyekwisha kuona reli za kweli zimelala juu ya mataruma yake hakujua ile ya kati ilitoka wapi; lakini ilikuwa njia sahali na sabili, kwa kuwa magurudumu yote yaliweza kuwa ya chuma tupu bila ya kuleta shoti.

Alfred Carlton Gilbert, aliyeshinda mchezo wa kuruka kwa upondo katika Olimpiki ya London ya 1908, kisha akatajirika kwa vipande vya kuundia vya Erector alivyovitoa 1913, aliinunua American Flyer, kampuni ya magari moshi madogo ya Chicago, mwaka 1938 na kuihamishia New Haven. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha akaiondoa reli ya kati, akatoa magari ya kadiri ya moja kwa sitini na nne yapitayo juu ya reli mbili, kama yapitavyo magari makubwa.

Sasa, madhali reli moja huleta umeme na ya pili huurudisha, gurudumu la kulia haliwezi kuachwa likutane na la kushoto pasipo kizuizi. Na kazi ya kuuokota umeme, ambayo injini ilikuwa ikiifanya yenyewe, ikahamishiwa behewa la makaa lifuatalo nyuma yake, seti moja ya magurudumu ikichota katika reli hii na ya pili katika reli ile. Aghalabu humo humo behewani kiliwekwa na chombo cha kugeuzia mwendo. Na katika miaka ya mwanzo hata moshi ulifanyizwa humo, ukapelekwa kwa mrija hadi kwenye bomba la injini! Mota peke yake ndiyo iliyobaki mbele. Basi umeme uliopanda nyuma ulilazimika kwenda mbele kwa nyaya nne: mbili za koili ya sumaku isiyozunguka, na mbili za brashi za kaboni zinazokilisha kiini kizungukacho. Hazikuweza kupunguzwa, kwani mota ya namna hiyo hairudi nyuma ila upande mmoja ugeuzwe na wa pili uachwe ulivyo.

Nyaya hizo zilikunjwa katika kila kona ya njia, na gamba lake, kadiri miaka ilivyopita, likakauka na kupasuka, shaba ikagusana na shaba. Injini husita, au hutetemeka papo hapo, au huenda upande mmoja tu. Mwenyewe huifungua mota, akasafisha brashi na komyuteta inayoguswa nazo, asione kasoro. Stadi hakuanzia huko. Alilitenga behewa, akaunga waya mmoja wa koili na mmoja wa brashi, na mbili zilizosalia akazitia moja kwa moja kwenye transfoma. Magurudumu yakizunguka, injini imekwisha pata baraa, na mshtakiwa ni behewa.

Humo behewani ndimo penye mtego mkubwa zaidi. Chombo cha kugeuzia kina pipa dogo lenye vipande vya shaba na vidole vyembamba viligusavyo. Kila umeme ukatikapo na kurudi, pipa husogea hatua moja: mbele, kusimama, nyuma, kusimama. Hilo lilikusudiwa kumtii mtoto aliyeshika transfoma, lakini pipa halijui kupambanua baina ya amri na uchafu, na doa la mafuta juu ya reli likikata umeme kwa kufumba na kufumbua huhesabiwa kuwa amri, injini ikasimama ilhali haina ugonjwa wowote. Mimi simlaumu Gilbert kwa hayo. Aliyetaka reli zenye sura ya kweli alistahili kuilipia sura hiyo, na bei yake ilikuwa kitambaa safi cha kufutia reli.

Gilbert alifariki 1961, na kampuni yake ikafilisika 1967. Jina la American Flyer likaangukia, ajabu ya mambo, mikononi mwa Lionel, kampuni aliyoianzisha Cowen, wenyewe wa reli tatu. Injini za New Haven hata hivyo zingali zikipita sebuleni mwa watu, na azitengenezaye leo, akikuta waya mmoja umekatika, huzitoa zote nne na kulehemu mpya zilizo nyembamba na laini, kwa kuwa tatu zilizobaki ni za umri ule ule.