Beri nyeusi zisizo na miba katika nchi za joto

Mmea huu una fito ndefu nyororo, zisizochana mikono ya watoto. Aina nyingi zinazouzwa zimetoka Chuo Kikuu cha Arkansas, Marekani, zikiwemo Arapaho (1993), Ouachita (2003) na Natchez (2007).

Kwetu Ghuba watu huogopa jua la Julai, lakini kinachonyima matunda zaidi ni kukosa baridi. Aina hizo huzaa kwenye fito za mwaka wa pili, na macho yake hayachipui sawasawa mpaka yapate mamia ya saa za baridi iliyo chini ya nyuzi 7. Maskati au Dubai, hata usiku wa Januari, ni nadra kufika huko. Utapata majani tu, na pesa zimekwenda. Jabal Akhdar, kwenye uwanda wa Saiq ulio mita 2,000 hivi, panapostawi mawaridi na makomamanga, baridi ipo.

Anayeishi pwani atafute Prime-Ark Freedom, nayo haina miba, inayozaa kwenye fito za mwaka huohuo. Joto likipita nyuzi 30 maua hayashiki vizuri, kwa hiyo ni bora apande Oktoba. Atumie chungu kikubwa: udongo wetu una chokaa nyingi inayogeuza majani kuwa manjano, na maji ya chumvichumvi huunguza mizizi. Kiangazi, kivuli lazima.

Dukani uliza vizuri, maana kwa Kiarabu "tut" ni beri na ni forsadi pia. Forsadi ni mti mkubwa, hauna miba wala hautaki baridi kiasi hicho. Kwa nyumba ya pwani yenye uwanja, ndiyo rahisi zaidi.