Neno "clear" katika biashara ya mipakani: maana zake na matumizi yake

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza vinavyosikika kila siku bandarini, mpakani, benki na katika ofisi za mawakala wa forodha, "clear" kinashika nafasi ya mbele. Wakala husema mzigo "umeclear". Benki husema hundi "haijaclear". Dereva husema "ameclear" mizani. Neno ni moja lakini maana ni nyingi, na kuchanganya maana moja na nyingine humgharimu mfanyabiashara fedha: lori hulipwa siku za kusubiri, kontena hutozwa gharama za kukaa bandarini, au mzigo hukamatwa njiani. Makala haya yanaeleza maana kuu za kitenzi hicho na jinsi ya kuzitambua pale zinapotumika katika barua, ujumbe wa simu na nyaraka za usafirishaji.

Asili na maana ya msingi

Neno hili liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, nacho kililichukua kutoka Kilatini "clarus", yaani kinachong'aa, kinachoonekana au kinachosikika vizuri. Kutokana na wazo hilo la uwazi likapatikana wazo la kuondoa kinachozuia. Ukiondoa vyombo mezani, meza inabaki wazi. Ukiondoa gogo barabarani, njia inabaki wazi.

Karibu maana zote za kitenzi hiki zinatokana na wazo hilo: kulikuwa na kizuizi, na sasa kimeondolewa. Hivyo swali la msingi kila neno hili linapotumika ni: kizuizi kipi kimeondolewa, na nani amekiondoa?

Maana za kawaida

Katika mazungumzo ya kila siku, Mwingereza hulitumia kwa kusafisha au kuondoa ("clear the table", ondoa vyombo mezani), kwa hali ya hewa kutulia ("the sky has cleared", mawingu yameondoka), kwa kukohoa kidogo ili sauti itoke vizuri ("clear your throat"), na kwa kumwondolea mtu tuhuma ("he was cleared", alionekana hana hatia). Likiongezwa neno dogo mbele yake maana hubadilika: "clear up" ni kusuluhisha au kufafanua jambo, "clear out" ni kuondoa kila kitu, na "clear off" ni kumwambia mtu aondoke, tena kwa ukali. Mfanyabiashara asitumie hilo la mwisho kwa mteja.

Forodhani: maana inayobeba fedha

Kwa wasafirishaji, "clear goods through customs" ni kukamilisha taratibu za forodha ili mzigo uruhusiwe kupita. Kwa Kiswahili husemwa kugomboa mzigo au kuondosha mzigo forodhani, na anayeifanya kazi hiyo huitwa wakala wa forodha. Taratibu zenyewe ni pamoja na kuwasilisha tamko la forodha, kuthaminiwa kwa bidhaa, kulipa ushuru na kodi, na kukaguliwa pale mzigo unapochaguliwa kukaguliwa.

Tatizo ni kwamba neno hilohilo hutumika kwa kila hatua. Wakala aliyemaliza kuwasilisha nyaraka husema "nimeclear". Aliyelipa kodi husema "nimeclear". Aliyepata ruhusa ya forodha husema "nimeclear". Mteja anayepokea ujumbe "Mama, mzigo umeclear, tuma hela ya gari" hawezi kujua ni hatua ipi kati ya hizo tatu, na huenda akatuma gari likakae nje ya geti.

Ikumbukwe kuwa hata ruhusa ya forodha peke yake haitoi kontena bandarini. Yapo mambo matatu yanayopaswa kukamilika: forodha waruhusu mzigo utoke, kampuni ya meli au wakala wake itoe hati ya kukabidhi mzigo baada ya kulipwa gharama zake, na mwendeshaji wa bandari alipwe gharama zake ndipo atoe kibali cha kupita getini. Kiingereza hutofautisha hatua hizi: "cleared" ni taratibu kukamilika, "released" ni mzigo kuachiwa, na "gated out" ni mzigo kutoka getini. Mwenye mzigo aangalie ni lipi kati ya hayo limeandikwa.

"Cleared for" nini?

Neno dogo "for" linapofuata, lisomwe kwa makini kuliko yote. "Cleared for home use" maana yake mzigo umelipiwa kodi na umeruhusiwa kuingia katika soko la nchi husika. "Cleared for transit" maana yake mzigo umeruhusiwa kupita tu kwenda nchi nyingine, haujalipiwa kodi katika nchi inayopitwa, na unasafiri kwa dhamana na mara nyingi chini ya lakiri ya forodha. "Cleared for warehousing" maana yake umeruhusiwa kuingia ghala la dhamana, na kodi bado inadaiwa.

Kwa hiyo mzigo wa sukari au mafuta ulioandikwa "cleared for transit" hauwezi kuuzwa njiani, hata kama mwenye mali amepata bei nzuri. Kufanya hivyo ni kosa chini ya sheria ya forodha, na linaweza kuwagusa mwenye mzigo, wakala aliyeweka dhamana na mwenye lori pia. Dereva anayeambiwa "shusha hapa, umeshaclear" anapaswa kuuliza umeclear kwa ajili ya nini.

"Cleared" wapi?

Jambo la tatu ni mahali. Mnunuzi wa gari lililotumika kutoka Japani kwa masharti ya CIF Dar es Salaam au CIF Mombasa anaweza kupokea barua kwamba gari lake "has been cleared". Chini ya masharti hayo muuzaji anashughulikia forodha ya kutoa bidhaa nchini kwake tu. Barua hiyo inasema gari limeruhusiwa kutoka Japani. Kugomboa Dar es Salaam au Mombasa ni kazi na gharama ya mnunuzi. Ni chini ya masharti ya DDP pekee ambapo muuzaji huchukua jukumu la forodha pande zote mbili. Kwa masharti ya EXW, kinyume chake, mnunuzi hubeba hata forodha ya upande wa muuzaji.

Hali kadhalika ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Chini ya utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha ulioanza kutekelezwa mwaka 2014, mzigo wa Rwanda unaopitia Dar es Salaam au Mombasa unaweza kutolewa tamko na kulipiwa kodi Rwanda wakati kontena lingali bandarini. Hapo "cleared in Kigali" ni habari njema, lakini kontena lenyewe bado linasubiri taratibu za bandari na za forodha ya nchi ya kwanza kuingilia.

Katika vituo vya pamoja vya mpakani, kama Rusumo kilichozinduliwa mwaka 2016, na Busia na Namanga vilivyozinduliwa mwaka 2018, gari husimama mara moja tu, upande wa nchi linakoingia. Maofisa wa nchi zote mbili hukaa katika jengo moja. Hata hivyo kazi bado ni mbili: nchi inayotokwa huruhusu kutoka, kisha nchi inayoingiwa huruhusu kuingia. Lori linalotoka Kenya kwenda Tanzania kupitia Namanga linaweza kuwa "cleared" na Kenya na likasubiri Tanzania kwenye dirisha la jirani.

"Cleared by" nani?

Forodha si mamlaka pekee. Bidhaa za viwandani huweza kuhitaji kibali cha shirika la viwango, kama TBS Tanzania, KEBS Kenya au UNBS Uganda. Mazao na mbegu huhitaji kibali cha afya ya mimea. Dawa na vifaa tiba vina mamlaka zake. Ndiyo maana katika barua hukutwa maneno "cleared by customs, pending clearance by the standards body": forodha wamemaliza, shirika la viwango bado. Neno "pending" ni kusubiri, na "subject to clearance" ni sharti: jambo litafanyika endapo ruhusa itapatikana. Mkataba wa kuuza mahindi ulioandikwa "subject to clearance" haumhakikishii mnunuzi siku ya kupokea mzigo.

Dereva naye huwa na vizuizi vyake: pasipoti au hati ya kusafiria, bima ya gari ya kuvuka mpaka kama kadi ya njano ya COMESA, na vyeti vya afya vinapotakiwa. Mzigo kuwa "cleared" haimaanishi dereva naye amepita.

Je, "cleared" ndiyo mwisho?

Wafanyabiashara wengi huamini kwamba mzigo ukishatoka, suala limefungwa. Si hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inairuhusu forodha kudai kodi iliyolipwa pungufu ndani ya miaka 5, na pale penye udanganyifu ukomo huo hauzuii madai. Ukaguzi huu huitwa "post-clearance audit", yaani ukaguzi baada ya mzigo kutoka.

Aidha, sheria hiyohiyo katika vifungu vya 147 na 148 inamhesabu wakala kuwa kama mwenye mali kwa madhumuni ya kodi, lakini haimwondolei mwenye mali wajibu wake. Wakala akiandika thamani ya chini au aina ya bidhaa isiyo sahihi, mwenye mzigo huwajibika kwa tamko lililotolewa kwa niaba yake. Hivyo ni muhimu kuchukua nakala ya tamko, ankara na stakabadhi za malipo, na kuzihifadhi kwa miaka 5. Ujumbe wa simu unaosema "umeclear" si stakabadhi.

Benki, madeni na ghala

Katika benki, "the cheque has cleared" ni benki ya mlipaji kukubali hundi na fedha kuwa mali ya aliyewekewa. Hundi kuonekana kwenye akaunti haitoshi, kwani huweza kurudishwa. Muuzaji asiachie mzigo kwa hundi iliyowekwa tu. Asubiri benki ithibitishe kwamba imelipwa. "Cleared funds" ndizo fedha zisizo na shaka hiyo.

"Clear a debt" ni kumaliza deni lote, si kulipunguza. "Clear stock" ni kumaliza bidhaa zilizopo ghalani, kwa kawaida kwa bei ya chini.

Barabarani

"Clear the weighbridge" ni kupita mizani bila kuzuiwa. Ndani ya Jumuiya, sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016 inaweka ukomo wa jumla wa tani 56, nao ukomo wa kila ekseli hukaguliwa peke yake. Gari lenye jumla sahihi huweza kukwama kwa ekseli moja.

"Clearance" kama nomino pia ni nafasi. "Ground clearance" ni nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi. Kibao cha "clearance" darajani huonyesha kimo cha nafasi iliyopo chini ya daraja, na anayebeba kontena refu alinganishe kimo hicho na kimo cha gari likiwa na mzigo.

Usichanganye na "clean"

Neno "clean" hufanana kwa sauti lakini kazi ni nyingine. Hati ya shehena iliyo "clean" ni ile isiyo na maelezo ya dosari: msafirishaji amepokea mzigo ukionekana katika hali nzuri. Haisemi lolote kuhusu forodha.

Nyakati za kitenzi

"We are clearing" ni kazi inaendelea. "It has been cleared" ni imekamilika. "It will be cleared" ni itakamilika. "It should be cleared by Friday" ni matarajio ya mwandishi tu, wala si ahadi. Asiyetofautisha "should be" na "has been" hupeleka gari siku ambayo si yake.

Upande wa Kongo

Mizigo inayokwenda Lubumbashi, Goma au Bukavu hukutana na nyaraka za Kifaransa, ambako neno ni "dédouaner". Hilo lina neno forodha ndani yake, hivyo halichanganywi na hundi wala mizani. Hata hivyo maswali ya hatua, mahali na kusudi hubaki yaleyale.

Maswali ya kumuuliza wakala

Mfanyabiashara anayeambiwa mzigo "umeclear" anashauriwa kuuliza kabla ya kutuma fedha au gari: Ni hatua ipi imekamilika, nyaraka, malipo au ruhusa ya kutoka? Umeruhusiwa na nani, na nani bado? Ni kwa soko la ndani, kupita au ghala? Ni upande wa nchi ipi? Namba ya tamko na ya hati ya ruhusa ni ipi? Wakala aliyemaliza kazi kweli hujibu yote kwa dakika chache, kwa sababu karatasi anazo mkononi.