Nukta za Kwantamu na Vazi Lililozirudisha Majini

Leo naweka programu kando, nizungumzie chembe ambazo pengine umezisikia kwenye matangazo ya televisheni: nukta za kwantamu. Ni fuwele za semikondakta, jamii ile ile ya vitu vinavyotengenezea chipu za kompyuta, ila upana wake ni nanomita chache tu. Nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Ukizimulika kwa mwanga wa urujuani, zilizo kubwa hutoa rangi nyekundu, ndogo hutoa kijani au bluu. Kitu ni kile kile, tofauti ni ukubwa.

Watu husifu rangi. Mimi naona kazi kubwa zaidi ilifanyika kwenye vazi la nje.

Mwaka 1981, katika Urusi ya Kisovieti, Alexei Ekimov aliziona ndani ya kioo kilichotiwa kloridi ya shaba. Mwaka 1983 Louis Brus wa Bell Labs, Marekani, akaeleza kuhusu fuwele kama hizo zilizoelea majini. Shida ilikuwa kuzipata zenye ukubwa sawa. Mwaka 1993 Moungi Bawendi na wanafunzi wake wa MIT walidunga malighafi ndani ya kiyeyusho cha kimafuta chenye joto la nyuzi 300 hivi. Fuwele zikalingana, rangi ikatoka safi. Lakini kila moja ilitoka imevaa molekuli zenye mikia ya mafuta. Zitie majini, zinagandana. Na mwili wa binadamu umejaa maji!

Kwetu Eldoret mfano uko kikombeni: maziwa. Mafuta na maji havipatani, lakini kila tone la mafuta ya maziwa limevikwa utando unaoshika mafuta kwa ndani na kupenda maji kwa nje. Yasukesuke kwenye kibuyu, utando unapasuka, matone yanaungana, unapata siagi.

Mwaka 1998 Warren Chan na Shuming Nie wa Chuo Kikuu cha Indiana walizivua fuwele mikia ya mafuta, wakazivika asidi ndogo yenye salfa. Salfa ilishika zinki iliyo kwenye ganda la fuwele. Ncha ya pili ikabeba chaji hasi majini. Chembe zenye chaji moja husukumana, kwa hiyo hazigandani. Katika toleo lile lile la jarida la Science, kundi la Paul Alivisatos la California lilitumia ganda la silika. Mwaka 2002 kundi la Benoit Dubertret likatumia fosfolipidi, jamii ya mafuta iliyomo kwenye ule utando wa maziwa, na kuzidunga ndani ya viinitete vya chura wa Kiafrika, Xenopus. Vikaendelea kukua huku viking'aa.

Ila vazi huchakaa. Salfa ile huachia taratibu, hasa mwanga ukiipiga. Mwaka 2004 watafiti wa California walionyesha kwamba uso wa fuwele za kadimi na seleni ukiliwa na oksijeni, kadimi huvuja na kuua seli za ini.

Ekimov, Brus na Bawendi walipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023, na walistahili. Lakini siku ukiletewa kipimo cha hospitali kinachotumia nukta hizi, usiishie kushangaa rangi. Uliza: ndani kuna kadimi? Zimevikwa nini? Na vazi hilo linadumu muda gani?

Tuonane siku nyingine.