Wamanyema: Jina Moja, Watu Wengi



Jioni moja bwenini, nilipokuwa kidato cha pili, mwenzetu mmoja wa Isevya aliulizwa kabila lake. Akajibu, "Mmanyema." Kaka mmoja wa kidato cha nne akacheka: "Hilo si kabila, ni jina la watumwa." Mwenzetu akanyamaza. Nami sikumtetea, kwa kuwa sikujua la kusema.

Manyema ni nchi iliyo magharibi ya Ziwa Tanganyika, penye Nyangwe na Kasongo. Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871; Tippu Tip alifanya Kasongo makao yake. Humo wamo Wakusu, Wabangubangu, Wazimba na wengineo, kila watu na lugha yao. Waliovuka ziwa hadi Ujiji na Tabora, wengine kwa minyororo, wengine wakiwa wapagazi na askari, waliitwa wote kwa jina moja. Huku ugenini jina hilo likawa udugu: wakaoana, wakazikana, wakasema Kiswahili.

Nasi tuliocheka je? Jina la Wanyamwezi lilienezwa na watu wa pwani. Mpagazi wa Kisumbwa au Kikonongo alipofika Bagamoyo aliitwa Mnyamwezi tu. Na "sukuma" maana yake ni kaskazini.

Vijana mlioko madarasani, mkisikia jina la mtu, ulizeni njia aliyopita kabla ya kucheka. Mwenzetu yule nikimwona katika mkutano wetu, nitamwomba radhi. Nimechelewa miaka thelathini.