Mita ya umeme isiyo ya kawaida: Mambo ya kuzingatia kabla ya kuhama kampuni Uingereza

Mkenya anayehamia Uingereza kwa masomo au kwa kazi hukumbana na jambo ambalo hakulizoea nyumbani. Nchini Kenya, karibu wateja wote huuziwa stima na kampuni moja, Kenya Power. Huko England, Scotland na Wales, kila mwenye kulipa bili ana haki ya kuchagua kampuni ya kumuuzia umeme, na kuihama akipata nyingine yenye bei nafuu.

Haki hiyo ilitolewa kwa awamu kati ya mwaka 1998 na 1999, soko la umeme wa majumbani lilipofunguliwa kwa ushindani. Mteja anapohama, nyaya hubaki zile zile na umeme haukatwi. Kinachobadilika ni bei na jina la anayetuma bili. Tangu Julai 2022, shughuli hiyo hukamilika kwa kawaida katika siku tano za kazi.

Hata hivyo, wepesi huo ni wa mwenye mita ya kawaida, yaani ile inayohesabu yuniti zote kwa bei moja. Mpangaji aliyekuta nyumbani mita ya aina nyingine akifuata bei peke yake, yamkini atajikuta katika majira ya baridi akilipa zaidi ya awali, au akiwa na hita zisizowaka. Ndiyo sababu inafaa kuijua mita kwanza, kisha bei.

Mita za bei mbili

Mita isiyo ya kawaida iliyoenea zaidi ni ya mpango uitwao Economy 7, ulioanzishwa mwaka 1978. Mpango huu huuza umeme kwa bei ya chini kwa saa saba za usiku, na kwa bei ya juu saa zilizosalia. Ulikusudiwa nyumba zenye hita kubwa za ukutani ambazo ndani yake mna matofali: matofali hayo hupashwa moto usiku, kisha hutoa joto polepole mchana kutwa.

Saa hizo saba hutofautiana kulingana na eneo na mita yenyewe. Mara nyingi huwa kati ya saa sita usiku na saa moja asubuhi. Isitoshe, mita nyingi za zamani hazifuati mabadiliko ya saa ya kiangazi, Waingereza wanapozisogeza saa zao mbele. Basi umeme wa bei nafuu ulioanza saa sita usiku wakati wa baridi huanza saa saba usiku wakati wa kiangazi. Anayewasha mashine ya kufulia bila kulijua hilo huilipia kwa bei ya mchana.

Je, mpango huu una faida? Jibu limo katika hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba bei ya kawaida ni peni 25 kwa yuniti, na kwamba Economy 7 hutoza peni 30 mchana na peni 15 usiku. Nyumba inayotumia yuniti 4,000 kwa mwaka italipa pauni 1,000 kwa bei ya kawaida, bila kuhesabu ada ya kila siku. Ikiwa nusu ya yuniti hizo hutumika usiku, Economy 7 itagharimu pauni 900. Lakini ikiwa ni thuluthi moja tu ya umeme inayotumika usiku, hakuna faida wala hasara. Na ikiwa ni asilimia 20, gharama hupanda hadi pauni 1,080. Kwa hivyo, anayepikia gesi na kupashia nyumba joto kwa gesi huenda anaumizwa na mita aliyoachiwa na mpangaji wa zamani.

Mita zilizoongozwa kwa redio

Aina ya pili ni mita zilizopokea amri kwa mawimbi ya redio. Mfumo huo uliundwa katika miaka ya 1980 na kutumia mawimbi marefu ya Radio 4 ya shirika la BBC. Ishara zilizofichwa ndani ya matangazo ndizo zilizoiambia mita lini iwashe hita na lini ibadili bei. Baadhi ya nyumba, hasa Scotland, zilikuwa na mipango ya pekee: hita na maji ya moto kwa bei moja, vifaa vingine kwa bei nyingine, wakati mwingine kwa mita mbili tofauti.

Mitambo ya mfumo huo ilichakaa. Kuanzia Juni 30, 2025, ishara hizo zilianza kuzimwa kwa awamu, eneo baada ya eneo. Ofgem, mamlaka inayosimamia soko la umeme na gesi, ilionya kuwa mita ambayo haijabadilishwa ingeweza kuacha hita zikiwa zimewaka wakati wote, zikiwa zimezimika kabisa, au zikiwaka saa ambazo umeme ni ghali. Mwenye kukuta nyumbani mita ya aina hiyo anapaswa kuiarifu kampuni yake bila kukawia. Aidha, kabla fundi hajaondoka, ahakikishe kuwa hita na tangi la maji ya moto bado vinapata umeme kwa saa zinazofaa.

Mita mahiri na mita za kulipia kabla

Mita mahiri hutuma usomaji zenyewe. Zile za kizazi cha kwanza zilisumbua wengi, kwa sababu mteja alipohama, ziliacha kutuma usomaji na kugeuka kuwa za kawaida. Nyingi zimeunganishwa baadaye na mtandao wa kitaifa, ilhali za kizazi cha pili ziliundwa ili zifanye kazi na kampuni yoyote.

Mita za kulipia kabla hazitakuwa ngeni kwa aliyezoea tokeni. Deni halimzuii moja kwa moja mwenye mita hiyo kuhama: likiwa pauni 500 au chini kwa umeme, anaweza kuhama nalo na kulilipa kwa kampuni mpya.

Hatua za kufuata

Kwanza, mteja atafute kwenye bili nambari ya utambulisho wa mita, iitwayo MPAN, ambayo ina tarakimu 13. Nyumba ambayo hita zina mita yake huenda ikawa na nambari mbili, na kampuni mpya inapaswa kujulishwa zote mbili ili zihamishwe pamoja.

Pili, ajue safu ipi ya tarakimu ni ya mchana na ipi ya usiku. Njia rahisi ni kuisoma mita jioni, kuisoma tena kabla ya kulala, kisha alfajiri. Safu iliyosogea jioni ni ya mchana. Kampuni mpya ikizibadilisha safu hizo kimakosa, bili huvurugika kwa miezi.

Tatu, aipigie simu kampuni anayoitaka badala ya kutegemea tovuti za kulinganisha bei, kwani nyingi hazitambui mita hizi. Aulize kama atapewa bei moja bila kubadilishiwa mita. Mwaka 2016, Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya nchi hiyo iliona kwamba wenye baadhi ya mita hizi walikuwa na nafasi finyu ya kuchagua sokoni, ikaagiza kampuni kubwa ziwaruhusu kuchukua mipango ya bei moja bila sharti la kubadilisha mita.

Nne, mpangaji anayelipa bili mwenyewe ana haki ya kuchagua kampuni. Akitaka kubadilisha aina ya mita, hana budi kumjulisha mwenye nyumba, na kusoma mkataba wake kama unamtaka airudishe ya awali atakapoondoka.

Tano, siku ya kuhama aipige mita picha inayoonyesha tarakimu zote. Akijuta, ana siku 14 tangu kukubali mkataba za kuuvunja bila adhabu.

Palipo na mgogoro, malalamiko huanzia kwa kampuni yenyewe. Yasipotatuliwa, hupelekwa kwa Energy Ombudsman, ambaye huduma yake ni ya bure. Shirika la Citizens Advice nalo hutoa ushauri bila malipo. Kuuliza si ujinga, hasa pale ambapo swali moja la simu laweza kuamua kama nyumba itakuwa na joto mwezi wa Januari.