Thabeet hakumtapeli mtu

Juma lililopita nilikuwa kwa kinyozi, na kama ilivyo desturi ya mahali pale, hoja ilikuwa michezo. Kijana mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake alitoa simu, akaanza kusoma kwa sauti orodha ya wachezaji waliochaguliwa vibaya kupita wote katika historia ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani. Jina la Hasheem Thabeet lilikuwa juu juu. Watu wakacheka. Kinyozi akanigeukia: "Mzee, huyu si ndiye yule mliyekuwa mkimsifu?" Nami, ndugu msikilizaji, nilicheka pamoja nao. Nilipofika nyumbani kicheko kile kilinikaa vibaya kifuani, na ndiyo maana leo nimeamua tuzungumze habari za mtu huyu.

Tuanze na usiku wenyewe. Juni 25, mwaka 2009, huko New York, klabu za NBA zilikutana kuchagua vijana wapya, kila klabu kwa zamu yake. Kwetu sisi ilikwisha kuwa tarehe 26, saa za watu kulala fofofo. Los Angeles Clippers walimchukua Blake Griffin. Zamu ya pili ilikuwa ya Memphis Grizzlies, nao wakamtaja Thabeet wa Chuo Kikuu cha Connecticut, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwaka 1987. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika hapo kabla yake. Kulipokucha tulishangilia kama watu waliotwaa kombe, hata wale tusioweza kueleza kwa nini kikapu kimoja kina pointi mbili na kingine tatu.

Aliyetajwa wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry. Wa tisa DeMar DeRozan. Ubaya wote ulianzia hapo, maana tangu siku hiyo Thabeet hakupimwa tena kwa alichokifanya yeye, bali kwa waliokuwa nyuma yake kwenye foleni. Lakini hebu tujiulize, foleni ile aliipanga nani?

Thabeet ana urefu wa futi 7 na inchi 3. Mpira wa kikapu alianza kuucheza akiwa na umri wa miaka 15 hivi, umri ambao mtoto wa Kimarekani anayetarajiwa kuwa mchezaji wa kulipwa amekwisha kufundishwa na makocha watatu au wanne. Miaka minne baadaye, mwaka 2006, alikuwa Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Huko alikuwa mlinzi wa kikapu asiyepitika. Mwaka 2009 timu yake ilifika nusu fainali ya mashindano ya vyuo vya Marekani nzima, ikatolewa na Michigan State mjini Detroit.

Mabwana wa klabu walipomtazama waliona sura walizokwisha kuziona. Hakeem Olajuwon wa Lagos naye alichelewa kuanza, akachaguliwa wa kwanza mwaka 1984, akaipa Houston ubingwa mwaka 1994 na 1995. Dikembe Mutombo wa Kinshasa alichaguliwa wa nne mwaka 1991, akacheza hadi Aprili 2009, goti lilipomsaliti uwanjani Portland. Miezi miwili tu baada ya Mutombo kuaga, akaitwa Thabeet. Hapana shaka walikuwa wakimtafuta Mutombo mwingine. Walisahau kwamba mwaka 1998 walimtafuta Olajuwon mwingine, wakamchagua Michael Olowokandi kuwa wa kwanza, na yaliyofuata hayakuwa ya Olajuwon. Urefu unaweza kuupima kwa futi kamba. Mengine yote ni bahati nasibu, na aliyenunua tiketi si yule aliyechapwa jina juu yake.

Na dalili zilikuwapo, tena hadharani. Februari 16, mwaka huo huo wa 2009, siku Thabeet anatimiza miaka 22, Connecticut ilicheza na Pittsburgh. Pittsburgh walikuwa na kijana mnene mwenye nguvu, DeJuan Blair, aliyemzidiwa na Thabeet kwa zaidi ya nusu futi. Walipogombea mpira mmoja Blair alimtupa Thabeet juu ya mgongo wake kama mchukuzi anavyobwaga gunia la mchele bandarini. Blair alimaliza na pointi 22 na kudaka mipira 23 iliyogonga kikapu na kurudi. Pittsburgh wakashinda 76 kwa 68. Mwisho wa msimu vijana hao wawili waligawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi yao. Ilipofika Juni, Thabeet akachaguliwa wa 2, Blair wa 37, kwa sababu magoti ya Blair yalikuwa na hitilafu. Kila mwenye macho alikuwa ameona nani alimbwaga nani. Klabu zikachagua futi.

Pale Memphis nafasi ya kati ilikuwa na mwenyewe, Mhispania Marc Gasol. Kijana wetu alikaa benchi, akaingia dakika chache, akawa na wastani wa pointi 3.1 kwa mchezo katika mwaka wake wa kwanza. Februari 2010 alipelekwa Dakota Wizards, timu ya ligi ndogo, na magazeti ya Marekani hayakuchelewa kuandika kwamba hapajawahi kutokea mtu aliyechaguliwa juu namna ile akateremshwa chini namna ile. Mtu anayejifunza kazi hutafutiwa mahali pa kujifunzia, na kwa wengine hiyo huitwa mafunzo. Kwake iliitwa aibu.

Mwaka mmoja baadaye, Februari 2011, akapelekwa Houston katika mabadilishano yaliyompeleka Shane Battier Memphis. Machi 2012 Houston wakamtoa kwenda Portland, wakampata Marcus Camby. Wapo wanaodhani mchezaji huhama kwa kupenda. La hasha. Mkataba wa kijana anayeingia NBA hupangwa kwa jedwali la mishahara kulingana na namba aliyochaguliwa, na klabu inaweza kumbadilisha na mwingine bila kumwuliza. Anaambiwa tu, anafunga begi. Tena mshahara mkubwa wa namba 2 ulikuwa sababu mojawapo ya kumfanya afae kubadilishwa, kwa vile hesabu za mishahara ya wanaokwenda na wanaokuja sharti zikaribiane. Alikuwa anasafirishwa kama jiwe la mizani.

Sisi wa Dar es Salaam tunalo neno kwa mtu wa namna hii: deiwaka. Ni yule dereva anayepewa daladala la mwenziwe apige safari mbili tatu, mwenyewe akirudi anashuka. Hachagui gari wala njia. Akipewa gari bovu, abiria wanamlaumu yeye.

Julai 2012 Oklahoma City Thunder wakamchukua, na huko alidumu misimu miwili, msaidizi wa Kendrick Perkins, timu moja na Kevin Durant na Russell Westbrook. Ajabu ya mambo, James Harden yule wa foleni alikuwa hapo hapo. Walikuwa klabu moja tangu Julai hadi mwishoni mwa Oktoba, kisha Harden akapelekwa Houston akawa nyota. Thabeet alibaki akifanya kazi ya dakika chache: kuingia, kusimama chini ya kikapu, kupokea vishindo, kutoka.

Wakati huo mchezo wenyewe ulikuwa unamkimbia. Timu zilianza kutupa kutoka mbali, na mtu mrefu akalazimika kutoka chini ya kikapu kwenda kumkabili mpiga mitupo nje ya mstari wa pointi tatu. Mwaka 2015, Golden State ya Curry ilipotwaa ubingwa, kazi aliyofundishwa Thabeet ilikuwa inakosa soko. Fundi cherehani mzuri naye hukosa wateja mitumba ikijaa.

Agosti 2014 alipelekwa Philadelphia, wakamwacha baada ya siku chache tu. Akajaribu Detroit, hakubakizwa. Jumla alicheza michezo 224 ya ligi ile. Wengine wanaitaja namba hiyo kwa dharau. Lakini kila mwaka huchaguliwa vijana wapatao 60 kutoka dunia nzima, na wapo wanaomaliza maisha yao bila kucheza hata mchezo mmoja wa NBA.

Sasa nisikilize hapa, kwa maana ndipo kicheko changu kilipoishia. Mtu huyu alikuwa amekwisha lipwa mamilioni ya dola. Angeweza kukaa Dar es Salaam akaota jua. Badala yake alirudi ligi ndogo, Grand Rapids. Mwaka 2017 akaenda Japani, Yokohama. Mwaka 2019 akarudi tena ligi ndogo ya Marekani, Fort Wayne, akiwa na miaka 32, katikati ya vijana waliokuwa shule ya msingi yeye alipochaguliwa. Mwaka 2020 akaenda Taiwan, akaanza upya kwa watu ambao hata jina lake waliliandika kwa herufi zao. Anayemwita mvivu anieleze uvivu wa namna gani huo.

Karibu na nyumbani kwangu ipo shule yenye wanafunzi zaidi ya elfu moja. Ina magoli mawili ya mpira wa miguu na kikapu hakuna hata kimoja. Humo wapo watoto warefu, nawaona asubuhi wakipita.

Jumamosi nitarudi kwa kinyozi. Kijana yule akiwapo nitamwomba anisomee tena orodha yake, ila safari hii aanze na majina ya waliochagua.