Masale ya Diski: Kwa Nini Seva Kubwa Hukwama Kwenye Tera 2.2

Ukipanda Uru, juu ya mji wa Moshi, utaona vihamba vya migomba na kahawa vimetenganishwa kwa masale. Aliyeyapanda pengine alishafariki zamani, lakini mpaka wake bado unaheshimiwa. Diski ya kompyuta nayo ina masale yake, na historia yake inakuhusu wewe unayetaka kuandaa seva ya chuo au ya maabara.

Turudi 1983. IBM wanatoa kompyuta ya PC XT yenye diski ya megabaiti 10, pamoja na DOS 2.0. Hapo ndipo ulipozaliwa mgawanyo wa diski tunaouita MBR. Huku kwetu marufuku ya 1974 ya kuingiza kompyuta nchini ilikuwa bado ipo. Yaani mpaka uliwekwa sisi tukiwa hatupo, kisha tukaurithi.

MBR inakaa kwenye sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512. Jedwali la partisheni limepewa baiti 64 tu, zinazotosha partisheni kuu nne. Mahali partisheni inapoanzia na ukubwa wake vinaandikwa kwa namba za biti 32. Piga hesabu: sekta bilioni 4.29, mara baiti 512, unapata takriban tera 2.2. Basi, umefika mwisho.

Je, wabunifu walikosea? Kwa wakati ule, hapana. Tera 2.2 ni sawa na diski zao zaidi ya 200,000. Tatizo ni kwamba kihamba kikigawiwa watoto na wajukuu kinazidi kuwa kidogo, ila diski ilienda kinyume: shamba lilikua, masale yakabaki palepale. Kufikia 2010 diski za tera 3 zilikuwa sokoni. Seva zilikutana na ukuta huo mapema zaidi, kwa sababu RAID huunganisha diski nyingi zikaonekana kama moja.

Suluhisho nalo lilitoka upande wa seva. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Intel, wakiandaa mashine za Itanium, walibuni EFI, na ndani yake GPT. Namba zake ni za biti 64, na kwa kawaida ina nafasi ya partisheni 128. Pia inaweka nakala ya jedwali mwishoni mwa diski, na ina namba ya ukaguzi inayoonyesha kama jedwali limeharibika. Ni kama mpaka uliopandwa masale pande zote mbili: upande mmoja ukiharibiwa, mwingine unashuhudia.

Sasa tuseme una diski sita za tera 4 kwenye RAID 6. Mfumo unaona tera 16. Ukichagua MBR, karibu tera 13.8 zilizonunuliwa kwa fedha za mradi hazitumiki. Kubadilisha baadaye, data za utafiti zikiwa ndani, kunadai nakala kamili kwanza, na nakala hiyo inahitaji mahali pa kukaa.

Kwa hiyo chagua GPT siku ya kwanza. Kama mashine ni ya zamani na inawaka kwa BIOS tu, weka mfumo kwenye diski ndogo yenye MBR, halafu data zikae kwenye diski kubwa yenye GPT.

Kwenye Linux, andika "sudo parted -l". Ukiona "gpt", uko salama. Ukiona "msdos", ujue masale ya 1983 bado yamesimama kwenye shamba lako.